Hiyo si amri, mhariri

Mhariri,

Mimi ni mfasiri. Juzi nusura nimwage chai juu ya gazeti niliposoma kuwa wapiganaji wa Vita vya Msalaba walikuwa chini ya “Amri ya Mtakatifu Yohane”. Amri gani tena? Ile ilikuwa jumuiya ya watawa waliouguza mahujaji Yerusalemu, Papa akaitambua mwaka 1113. Upanga waliushika baadaye. Kiingereza kina neno moja, “order”, sisi tunayo tele: shemasi hupewa daraja takatifu, rais hutoa agizo, askari hupokea amri. Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, na Amri Namba 227 kwa askari wake mwaka 1942, sawa, hiyo ilikuwa amri kwelikweli: marufuku kurudi nyuma hata hatua moja. Mtakatifu Yohane mrudishieni watawa wake.

Msomaji wenu wa kila siku