Barua kwa Rehema, kabla ya safari ya Mwanza

Mwanangu Rehema,

Salaam nyingi. Sisi hapa Tanga hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako. Mama yako kanieleza jana kwamba tangu shoo ya Jumamosi masikio yanalia ngii mpaka asubuhi, na kwamba ulimsihi asiniambie. Hilo si jambo la kumficha baba, mama. Kupewa uongozi wa bendi ukiwa umekaa kwenye dramu ni heshima kubwa na nimetembea nayo mtaa mzima, lakini kiongozi asiyesikia ataongoza nini?

Mlio huo maana yake vinyweleo vya ndani ya sikio vimepigwa kupita kiasi. Vikipumzishwa, vingine hupona. Vikifa havioti tena, wala hakuna dawa ya kuviotesha. Wanaoshughulikia usalama kazini wanahesabu hivi: sauti ya desibeli 85, yaani kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, unaweza kukaa nayo saa 8, na kila inapopanda desibeli 3 muda unakatika nusu. Ikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Dramu na tarumbeta ndani ya ukumbi uliofungwa hufika hapo bila taabu, na ninyi mnapiga saa 3 usiku hadi saa 7. Hiyo ni mara 16 ya kiasi chako, kwa usiku mmoja, na ziara ina Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza.

Pamba usiniambie. Pamba haizuii kitu cha maana. Nenda duka la vifaa vya usalama kazini, wanakouza helmeti na buti za viwandani, ununue vizibo vya masikio vya sponji. Kisokote kwa vidole vikavu mpaka kiwe chembamba kama kijiti cha kiberiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ndiyo njia inanyooka, kisha kiingize na ukishikilie kwa kidole nusu dakika kivimbe. Ongea kidogo: sauti yako ikisikika nzito ndani ya kichwa, kimekaa. Kikibaki kinaning'inia nje, hujavaa kitu.

Najua utalalamika kwamba haihati, yale matoazi mawili ya kukanyaga, inapotea. Ni kweli, sponji inakula sauti za juu kuliko za chini, na mpigaji asiyejisikia huongeza nguvu mpaka viwiko viume. Kwa hiyo weka akiba ya vizibo vya wanamuziki, vyenye kichujio kinachopunguza sauti zote kwa usawa. Kichujio cha desibeli 15 kinaishusha 100 ikawa 85, na muziki unabaki muziki. Nunua hivyo kabla ya viatu vya jukwaani.

Halafu kuna ugonjwa wa monita, zile spika za jukwaani zinazowaelekea wanamuziki wajisikie. Mcharaza solo anaongeza, wewe unapiga kwa nguvu ili ujisikie, besi naye anapanda, mwimbaji anaomba apandishiwe, na fundi mitambo anawapa wote. Kiongozi ni wewe, kwa hiyo lizuie wakati wa kupima mitambo. Anzeni na dramu peke yake, kwa nguvu ile ile ya onyesho, kisha besi, kisha magitaa yaje chini yake. Mtu akisema hajisikii, mwambie fundi apunguze kinachomfunika. Na ukitumia spika za masikioni, usichomoe moja: utaongeza iliyobaki, na sikio moja litalipia yote mawili.

Kuongoza ukiwa umeziba masikio kunawezekana, kwa sababu bendi inaongozwa kwa macho. Kaa mahali unapoona mkono wa besi na mabega ya mwimbaji. Kubalianeni ishara kabla hamjaondoka Dar: kijiti juu, sebene inakuja, ngumi, tunafunga. Ishara itoke mapema, wapuliza tarumbeta wavute pumzi. Kila wimbo uandikie mwendo wake kwa namba kwenye karatasi na uusikilize kwenye simu kabla ya kuhesabu, maana ukumbi ukijaa mikono hukimbia yenyewe. Morogoro ndio mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, wale magwiji wa dansi. Rumba iliyokimbizwa hawatakuchezea. Singida usiku kuna baridi na upepo: tarumbeta ikiwa ya baridi sauti hushuka wakati kinanda hakishuki. Wapulize kwanza zipate joto, ndipo wazioanishe.

Vyombo vya kukodi huko njiani usiviamini. Beba snea yako, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, matoazi, pedali na kiti. Weka ngozi ya akiba ya snea ya inchi 14, funguo mbili za kukazia, moja ifungwe kwenye stendi, kipande cha kamba imara cha kushikia nyaya za chini ya snea, na zulia, bila hilo dramu kubwa itasogea mbele kila wimbo. Na vile vimirija vya plastiki vya kwenye stendi za matoazi nunua vingi. Ni vya bei ndogo na hupotea kila shoo, lakini bila hivyo chuma kinasugua tundu la toazi, tundu linakuwa na jino, na ufa unaanzia hapo hapo. Toazi la namna hiyo halichomelewi.

Tumba zenu ni za ngozi ya mnyama. Zikitoka unyevunyevu wa Dar zikashushwa Dodoma kiangazi, ngozi inajikaza yenyewe na inaweza kupasuka ndani ya gari. Mwambie mpapasa tumba alegeze kila usiku baada ya shoo, kila pande kwa kiasi sawa, akaze tena mkifika.

Kwenye basi kaa mbali na spika ya video. Usiweke muziki masikioni kufunika kelele za injini, maana utaupandisha bila kujijua. Safari ndiyo nafasi pekee ya masikio kupumzika. Mlio ukizidi siku mbili, usingoje Mwanza, mwone daktari wa masikio. Wadogo zako wanaojifunza hapa wanavaa vizibo tangu siku ya kwanza, na yale mazoezi ya chumba cha mabati, ulipojifunzia wewe, nimeyahamishia chini ya mwembe.

Posho yako iandikwe kwenye mkataba, na nani analipia malazi. Goti la mama yako bado linamsumbua akipanda ngazi. Bati la jikoni limebadilishwa, fundi anadai 40,000, zisikuumize kichwa. Ila ufunguo wa stoo umeondoka nao, na mahindi yamo humo. Mpe kondakta wa basi la Tanga kesho asubuhi, unipigie namba ya gari, nitampokea stendi. Na ukinunua vizibo, nipigie picha vikiwa vimevaliwa.

Baba yako