Tusiwaambie wenye vitiligo kwamba haina tiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu vitiligo, ugonjwa wa madoa meupe ya ngozi ambao wengi huuita mbalanga. Ninao mwenyewe, midomoni na kwenye ncha za vidole. Wanaokwepa kunipa mkono nimewazoea. Wanaonitia uchungu ni wale wanaonipenda, wanaoniambia, na sasa wanawaambia hata watoto wenye doa la kwanza usoni: “Usijali, ni rangi tu, na wala haina dawa.” Husema hivyo kwa nia njema, lakini yapo madoa ambayo yangetibika mapema, na maneno hayo huyaacha yakomae.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Kwa mwenye vitiligo, kinga ya mwili huzigeukia seli hizo na kuziua kana kwamba ni adui. Pale zinapokufa, ngozi hubaki nyeupe pe. Hakuna aliyerogwa wala kulaaniwa, na hakuna anayeambukizwa kwa kushikana mikono, kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Huwapata watu wa kila rangi, kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya watu duniani, na karibu nusu yao huanza kabla ya kufikisha miaka 20. Ualbino ni jambo jingine kabisa, mtu huzaliwa nao. Ukoma nao ni mwingine: doa lake hufifia bila kuwa jeupe kabisa, na mara nyingi huwa na ganzi, ilhali doa la vitiligo huhisi mguso kama ngozi nyingine yoyote.

Sasa nije kwenye suala la muda, maana hapo ndipo wengi wetu hatukuelezwa. Rangi inaporudi, kwa kawaida huanzia kwenye mashina ya vinyweleo, ambako seli changa za rangi huwa zimesalia. Ndiyo maana anayepata nafuu huona kwanza vitone vidogo vya rangi vikizunguka vinyweleo, kisha vitone hivyo vinapanuka na kuungana. Doa ambalo vinyweleo vyake vimeshakuwa vyeupe limebakiwa na akiba ndogo mno. Uso huitikia tiba vizuri kuliko sehemu nyingine. Ncha za vidole na midomo, pasipoota vinyweleo, hukaidi. Kwa hiyo mimi sitegemei sana kupona. Mtoto mwenye doa jipya shavuni ana nafasi nzuri kuliko yangu, na hapaswi kuipoteza kwa sababu watu wazima walimfariji vibaya.

Tiba zipo. Kuna krimu za steroidi, ambazo daktari hupanga zitumike kwa muda gani ili zisidhoofishe ngozi. Kuna takrolimasi, dawa ya kupaka inayofaa hasa usoni. Kuna mwanga maalumu wa urujuanimno, unaotolewa mara 2 au 3 kwa wiki kwa miezi mingi, kazi inayotaka subira kweli kweli. Mwezi Julai 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruxolitinib kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi, dawa ya kwanza kupitishwa huko kwa ajili ya kurudisha rangi iliyopotea kwa vitiligo. Madoa yanaweza kurudi matibabu yakisimama, hilo halifichwi. Lakini ugonjwa kutopona moja kwa moja si sawa na kukosa tiba.

Na hilo la “ni rangi tu” nalikataa. Ngozi isiyo na melanini, yaani ile rangi yenyewe, huungua upesi juani. Vitiligo huandamana mara nyingi na ugonjwa wa thairoidi, tezi iliyo shingoni, ndiyo maana daktari makini huagiza kipimo cha damu. Tena, kwa wengi wetu, jeraha au mkwaruzo huzaa doa jipya palepale. Anayesugua doa kwa vitu vikali au kulichoma kwa dawa asizozijua anaweza kuwa analipanua.

Wapo wanaochagua kutotibiwa. Winnie Harlow, mwanamitindo wa Canada, ameonyesha madoa yake mbele ya dunia nzima, na nafurahi kila nionapo picha zake. Uamuzi kama huo nauheshimu, mradi mtu awe ameelezwa kwanza anachokiacha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Kila Juni 25, Siku ya Vitiligo Duniani, tunaona picha nzuri na maneno ya kututia moyo. Safari ijayo, chini ya picha hizo, chapisheni pia kwamba mwenye doa jipya, hasa linalopanuka ndani ya wiki chache, aende kwa daktari wa ngozi mapema, kabla vinyweleo vyake havijageuka vyeupe.

Msomaji wako