Zefe ya Lamu si kero ya kufichwa wageni

Mhariri,

Septemba iliyopita mimi na dada yangu mkubwa tulikwenda Shela, kisiwani Lamu, kupumzika kwa siku sita. Nilikuwa nimestaafu. Kwa miaka 31 nimefundisha Kiswahili katika shule za upili huku Nakuru, nikiwasomesha watoto mashairi yaliyotungwa Lamu na Pate, ilhali mguu wangu haukuwa umekanyaga visiwa hivyo. Safari hii nilitaka bahari na usingizi tu.

Asubuhi ya siku ya nne tulimwuliza kijana wa mapokezi hotelini jinsi ya kufika mjini Lamu. Akatushauri tusiende. "Leo mjini kuna watu wengi na ngoma, mama. Njia ya ufuoni haipitiki. Pumzikeni, mtaenda kesho." Alisema kwa adabu, na simlaumu, ndivyo alivyoagizwa awaambie wageni wote. Tukarudi mchangani tukaketi. Ilikuwa siku ya mwisho ya Maulidi ya Lamu, siku ya zefe, yaani maandamano ya matari na kaswida mitaani, nasi tulikuwa mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka hapo, hatuna habari.

Aliyetuokoa ni nahodha mmoja wa mashua aliyekuwa akitafuta abiria. "Hamwendi zefeni?" akatuuliza, kwa mshangao wa mtu aliyewakuta jamaa wameketi nje wakati harusi iko ndani. Nilipomweleza tulivyoambiwa, alitikisa kichwa, akaisogeza mashua, akasema, "Ndooni." Mhariri, neno hilo nimeliandika ubaoni mara ngapi sijui, nikiwaeleza wanafunzi kwamba Kiamu, lahaja ya Lamu, husema "ndoo" pale Kiswahili sanifu kinaposema "njoo". Sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mwenyewe. Nilipanda mashua machozi yakinilengalenga.

Dada yangu na mimi si Waislamu. Tulijitanda leso zetu, na tuliposhuka mjini akina mama wa pale wakatuita, wakatusogezea nafasi juu ya baraza ya nyumba moja. Zefe ni ya wanaume na wavulana. Wanawake hutazama kutoka kando, barazani na madirishani. Matari tuliyasikia kabla hatujaona mtu. Kisha bendera, kisha wavulana wa madrasa, wadogo sana wengine, kanzu zikiwaburura, kila mmoja amekodolea macho mwalimu wake asije akakosea kaswida. Nyuma yao safu baada ya safu ya watu wazima, wamevaa kofia za vito, wakiinama na kuinuka pamoja kwa mdundo mmoja. Wazee wa kutembea na mkongojo walikuwa mumo humo safuni, wameshikwa mkono na wajukuu. Harufu ya udi na marashi ilitufikia juu ya baraza.

Mama aliyesimama kando yangu ndiye aliyenieleza. Walikuwa wametoka makaburini, kuzuru kaburi la Habib Swaleh, na sasa walielekea mtaa wa Langoni, kwenye msikiti wa Riyadha. Habib Swaleh alitoka Ngazija, huko Comoro, akiwa kijana, akafungua darsa kwa watu ambao mji ule wakati huo haukuwapa nafasi ya kusoma, watumwa na wazao wao wakiwemo. Matari nayo akayakaribisha katika maulidi, japo wakubwa walinung'unika. Zaidi ya miaka mia moja baadaye watu bado wanakuja, kutoka Tanga, Comoro, Uganda na pwani yote. "Yule pale baba yangu," mama yule akaniambia, kisha akaonyesha safu ya mbele zaidi. "Na yule mwanangu."

Kilichoniuma ni hiki. Lilipofika kundi la wale wavulana wadogo, wageni wawili waliovalia mavazi ya kuogelea walijipenyeza katikati ya safu, simu juu, wakawageukia watoto ana kwa ana. Mstari ukakatika. Mtoto mmoja akapoteza kaswida, akaanza kulia, na mwalimu wake akamvuta kando. Hakuna aliyewafokea wale wageni. Mzee mmoja aliwaonyesha tu kwa mkono mahali pa kusimama. Wakaona haya kweli, wakaomba radhi. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaambia wanachokwenda kukiona.

Chumbani kwetu kulikuwa na karatasi ya wageni. Ilitaja saa za kukandwa mwili, saa za mashua ya kutazama machweo, hata bei ya kupanda ngamia. Kuhusu Maulidi, hapakuwa na hata mstari mmoja. Mji wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na sifa hiyo hoteli huitumia kutuvutia. Basi watuambie pia urithi huo unapopita barabarani. Mistari minne inatosha: siku yenyewe, mavazi ya heshima, simama kando, usikate safu. Asiyetaka abaki ufuoni kwa hiari yake.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Maulidi haya hufanyika mwishoni mwa mfunguo sita, yaani mwezi wa Kiislamu wa Rabiul Awwal, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, huzidi kutangulia. Mwaka 2027 yataangukia mwishoni mwa Agosti, na 2028 katikati ya Agosti, kulingana na mwandamo. Shule nyingi hufunga mwezi huo. Vyama vya Kiswahili vina muda wa kuchanga nauli. Barabara ni ndefu na gharama si ndogo, najua, lakini mwanafunzi aliyemsikia mwenyeji akisema "ndoo" na "ndia" (njia) hatahitaji kukariri somo la lahaja usiku wa kuamkia mtihani.

Dada yangu na mimi tumeshaanza kuweka kando kidogo kila mwezi. Safari ijayo hatutalala Shela. Yule mama wa barazani ametuambia nyumbani kwake Langoni kuna chumba.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Nakuru