Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: wazee wa mifongo nao wapewe tuzo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo na pole na majukumu.

Nina ombi moja tu. Kila tukisikia tuzo za utamaduni basi ni ngoma, mavazi na wasanii, sawa wanastahili, ila mbona wale wazee wanaosimamia mifongo huku mlimani hakuna anaewataja?

Kwa asieujua (na hapa Moshi mjini vijana wasioujua wapo wengi tu), mfongo ni mfereji unaochukua maji korongoni huko juu ukayazungusha ubavuni mwa mlima hadi vihambani (mashamba yetu ya nyumbani), hakuna pampu hakuna injinia, mtu alipima mteremko kwa macho, ukiwa mkali maji yanakula kingo, ukiwa mdogo yanatuama tope linajaa. Mingine ilichimbwa kabla Mjerumani hajafika na mpaka leo inatiririka. Ule uzuri ambao watu wanakuja kuupiga picha, migomba, kahawa chini yake, mimea ya masale mpakani, kiangazi unategemea maji hayo. FAO wenyewe (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, makao yake Roma) mwaka 2011 waliitambua Shimbwe Juu kule Uru kuwa urithi wa kilimo wa dunia, yaani watu wa Roma wameona kabla yetu!

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, inalinda vilivyojengwa kabla ya 1886, ila mfongo usiposafishwa unakufa hata uwe na umri gani. Anaeulinda ni mzee anaeitisha msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji), anaegawa zamu za maji watu wasishikane mashati, anaejua jiwe gani lisiguswe banioni (pale maji yanapoingizwa mfongoni). Na watoto wake wako Dar.

Sasa Mheshimiwa, Nane Nane pale Themi Njiro tunashindana na wenzetu wa Arusha na Manyara, ongea na wenzako muweke kipengele cha mtunza mfongo, watendaji wa vijiji walete majina. Zawadi isiwe cheti na picha ya pamoja, iwe saruji ya kukarabati banio (banio tu jamani, ukisakafia mfongo mzima yale majani na mawe yote kwaheri) na hela ya kumlipa kijana mmoja atembee na mzee msimu mzima ajifunze kazi. Majaji nao wasihukumu kwa makaratasi, wavae buti wapande mpaka maji yanapoanzia.

Mwananchi wako, Moshi