Hiyo robo saa ya "kubonyeza bonyeza setingi" tunaichajia nini

Sisi tunawasetia tableti za kuongelea watu wasioweza kuongea, anachagua picha, tableti inamsemea. Wiki hii tena kuna mzazi katupigia simu, anaongea kwa uchungu kabisa, "umeshika tableti ya mwanangu robo saa ukabonyeza bonyeza setingi, halafu shilingi 80,000, si ungenielekeza tu nibonyeze mwenyewe?" Simlaumu, hela zinavyopatikana kwa shida tunajua sote, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ana gharama zisizoisha. Ila ile robo saa aliyoiona ndio mwisho wa kazi, kabla ya hapo nilikaa chini na mtoto karibu saa mbili sijagusa setingi hata moja.

Mimi naanza na kiti. Kiuno kikiteleza mbele bega linapanda na mkono unakakamaa, hapo weka setingi yoyote utakayo haisaidii. Tunakunja khanga tunamkaza ubavuni, miguu inakanyaga kitu kigumu, ndio sasa natafuta ni kiungo gani anakiamrisha mwenyewe bila kuchoka. Na sio lazima mkono. Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza, alikuwa anabonyeza swichi, yaani kitufe cha kuchagulia kilicho kwenye skrini, kwa mkono, vidole vilipoisha nguvu akahamia shavuni, sensa ndogo kwenye miwani inasoma msuli ukitikisika. Mtoto wetu huyu tulimkuta kichwa ndio kinamtii, kulia, nikamfungia swichi kwenye kiegemeo.

Halafu kipimo. Kwenye skani mwanga unatembea kutoka picha hadi picha, ukifika anayoitaka anabonyeza. Napima mara ishirini, tangu mwanga ufike mpaka abonyeze. Yeye wastani ulikuwa sekunde 1.3, nikagawanya kwa 0.65, ndio kanuni tunayotumia ili abakiwe na nafasi kidogo, nikapata 2, basi skani nikaianzishia sekunde 2 kila picha. Hizo ndizo namba nilizokuwa naingiza mzazi alipokuwa ananiangalia.

Sasa njia ya mkato ambayo inatuumiza kila mwezi: mtoto anafika nyumbani, mjomba anaona mwanga unatembea polepole, anashusha sekunde 1 "iende fasta". Mtoto anataka maji, mwanga unampita, inatoka "choo", anapelekwa choo. Mara tano hivyo anakaza mwili mzima na kuanzia hapo swichi haitaki hata kuiona, na watu wanasema hajui. Anajua jamani! Kumrudishia imani na kile kifaa kunachukua wiki kadhaa, na hizo wiki ni hela kuliko ile 80,000.

Na hili la kukopiana setingi kwenye magrupu ya WhatsApp ndio kabisa. Dada mmoja wa Kigamboni alitoa muda wa kushikilia, yaani picha haisemi mpaka kidole kikae juu yake kidogo, kisa mtoto wa mwenzake hautumii. Wa kwake anaburuza kiganja kwenye skrini, kwa hiyo kila anachopitia kinasema, chai chai kaka chai mama, nyumba nzima ikaizima sauti. Nilirudisha nusu sekunde, nikazuia mguso wa kujirudia, nikaweka kibao cha plastiki chenye matundu juu ya picha. Siku hiyo hiyo kaomba chai, mara moja.

Kuna wengine wanakimbilia kifaa cha macho, kamera inafuata jicho linapoangalia na kuchagua hapo, mamilioni. Mzee mmoja familia ilimnunulia, wakaambiwa ni kibovu, nikaenda nikakuta kitanda kinatazama dirisha na jua lote linaingia kwenye kamera, ile kamera inafanya kazi kwa infraredi na jua linaivuruga. Tulihamisha kitanda, tukainamisha skrini ilingane na uso wake, nikamsetia upya macho kwa nukta chache za kuangalia kwenye skrini ili kamera iyajue maana anachoka haraka. Neno la kwanza aliandika "uji umepoa".

Kwa hiyo 80,000 ni kumkalisha, kupima, kufunga, na kurudi baada ya wiki mbili kupima tena, maana mwili unabadilika na mtoto anakua. Bei hiyo hatupunguzi. Programu ikijiapdeti ikafuta setingi, leteni, hiyo bure.

Mkija njooni na kiti anachokalia kila siku, sio cha wageni, asubuhi akiwa ameshakula, na mseme kama kuna dawa inamlegeza. Nyuma ya tableti nabandika karatasi yenye namba zake zote, msiibandue.