Mama anataka kuiona bahari, nisaidie Mama Rehema

Mama Rehema shoga yangu,

Habari za siku nyingi, za Unguja, Baba Rehema hajambo, watoto, wakwe wote? Sisi huku Dodoma tupo salama, jua ni lile lile, upepo na vumbi ndo usiseme. Mama Neema anakusalimia sana, anasema bado anazisubiri zile karafuu. Kimya kimekua kirefu pande zote mbili toka ule msiba wa kina Jose, leo nimeamua nikae niandike vizuri manake hili jambo kwa simu haliwezekani, tutaanza kucheka na bando litaisha hatujafika popote.

Ni hivi. Mama anataka kuiona bahari.

Hajawahi kuiona, yaani mtu ameshapita sabini, amelima Mvumi maisha yake yote, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyatia machoni ni bwawa la Mtera, na kanisani kila Jumapili wanaimba bahari, wanasoma bahari, Musa kaipasua bahari, na yeye haijui. Juzi tumemaliza kuvuna zabibu, tumekaa uani, akatamka mwenyewe bila kuulizwa na mtu, "nataka niione na mimi," akaendelea kuchambua karanga zake. Basi ukoo mzima umelibeba. Tumechanga, hela ipo kiasi, na hapo hapo ugomvi ukaanza.

Kaka anataka Nungwi, kule kwenu kaskazini. Anatuma picha kwenye grupu la familia asubuhi mchana jioni, bwawa la kuogelea pembeni ya bahari (sasa bwawa la nini mtu yuko baharini?), vitanda vyeupe, machungwa yamekatwa. Yule mdogo wetu wa mwisho yeye ni Mafia tu, kasikia habari za papa potwe na kweli msimu wao unaanza Oktoba mpaka kama Machi hivi, ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hali mtu, anakula vijidudu vidogo vidogo vya majini, unaruka kwenye boti unaogelea naye. Sasa nani anaruka, mama na goti lile? Alafu mpaka ufike Nyamisati kule Kibiti, upande boti mpaka Kilindoni, au ulipe ndege. Mafia mimi mwenyewe naitaka sana, hifadhi ya bahari ya kwanza nchi hii ni ile, toka 1995, ila ni safari ya mimi na wewe siku watoto wakiwa shule, sio ya mama. Na wifi ndo kabisa, kaja na Maldives. Maldives Mama Rehema! Visiwa zaidi ya elfu moja na hoteli nyingi kila moja ina kisiwa chake peke yake, sasa mama atamsalimia nani? Mama bila kusalimia watu siku haijaanza.

Mimi msimamo wangu ni Jambiani, mashariki ya kisiwa chenu, na nataka unishike mkono hapa kwa sababu we ndo unakaa na watu wa huko.

Najua utashangaa. Kila mtu ananiambia mashariki bahari inaondoka, utampeleka bibi wa watu amefunga safari toka Dodoma afike akute mchanga mtupu na majani. Ni kweli inaondoka. Nimesoma, nimeuliza, nikamuuliza na Baba Rehema ule mwaka mliokuja Krismasi, akanichorea kwa kijiti chini pale uani. Kule mwamba uko mbali, kati ya mwamba na ufukwe maji ni ya kina kifupi, kwa hiyo yakipwa panabaki peupe mpaka unatembea kwa miguu mita mia kadhaa hujalowa magoti. Kaskazini pale Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali, unaogelea saa yoyote, ndo manake wageni wamejaa na bei iko juu. Sisemi Nungwi ni pabaya. Mtu anayetaka kuogelea na kuona jua linazama aende Nungwi, hela yake haijapotea.

Ila mama haendi kuogelea! Hilo ndo nawaambia kila siku na hawanisikii. Mama anaenda kuiona bahari, na mtu aliyelima maisha yake yote, bahari ya kumwonyesha ni ile yenye watu wanaoifanyia kazi. Ile picha uliyotuma mwaka jana ya wale akina mama wa mwani, unaikumbuka? Nilimwonyesha mama. Akachukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka akafika kwenye mikono ya yule mama aliyevaa kanga ya njano, maji yako kiunoni, kashika kamba imefungiwa vichane vya mwani. Akakaa nayo hiyo mikono muda mrefu. Akaniuliza, hapo anapalilia au anavuna? Na mbegu wanatoa wapi? Na shamba ni la nani, manake maji hayana mpaka. Nikamweleza nilichojua, kwamba mwani Paje na Jambiani umelimwa toka 1989, kwamba wengi ni wanawake, wanapigilia vijiti kwenye mchanga maji yakiwa yamekupwa, wanafunga kamba kati ya kijiti na kijiti na mbegu ni kipande cha mwani wenyewe unakirudishia, kwamba unakaushwa unasafirishwa nje unatolewa kitu cha kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Na kwamba siku hizi maji yamepata joto, ile aina yenye bei nzuri inakufa, inabidi waufuate kwenye maji yenye kina wakati wengi wao kuogelea hawajui. Hapo ndo akanyamaza, alafu akasema, "kumbe na wao wana ukame wao." Mama Rehema, kaka anataka huyo mtu nikamlaze kwenye kitanda cheupe Nungwi aangalie bwawa?

Na kuondoka kwa bahari ukijipanga vizuri ni faida. Baba Rehema alinieleza na sijasahau: mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mchanga ndo bamvua, mwezi na jua vinavuta pamoja, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake inapita mita 3, na kwenu huko siku za bamvua maji yanakupwa mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi jioni. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Maji mafu ni kinyume, hayaji sana hayaendi sana. Sasa ona. Tukifika siku za bamvua, mama anaamka alfajiri kama kawaida yake, jua linamtokea baharini usoni kwake (Nungwi hilo halipati vile, pale wanauza machweo), saa nne maji yameenda, anashuka na yeboyebo zake anatembea mpaka kwa akina mama wa mwani na wale wanaochokoa pweza kwenye miamba, anaongea nao weee. Saa kumi jioni anakaa kwenye kiti kivulini anaiangalia inarudi imejaa mpaka miguuni pake. Siku moja tu anaziona bahari mbili. Akienda siku za maji mafu hapati hicho kitu, na ndo maana kila nikiongea na hao ndugu zangu narudia tarehe, tarehe, tarehe, wao wanarudia picha.

Tarehe zenyewe nimefikiria Oktoba. Zabibu tumeshavuna, shamba halijaanza, upepo wa kusi umeshalegea na wa kaskazi haujaanza, hiyo tangambili bahari inatulia kwa hiyo kwenye boti asitapike, na masaa mawili ya boti ndo ninayoyaogopa kuliko vyote. Treni hainipi shida kabisa, hii ya SGR toka ianze huku 2024 imetuokoa, ile ya haraka ni kama masaa matatu na nusu tupo Dar, stesheni na bandarini ni pua na mdomo. Tunalala Dar usiku mmoja kwa yule dada yetu wa Temeke, asubuhi tunavuka, kitambulisho chake cha NIDA anacho. Mkitupokea bandarini Malindi tunalala kwenu Mji siku moja, nataka aone Mji Mkongwe kidogo na Forodhani jioni, alafu njia ya Jambiani si ndo inapita Jozani? Wale kima punju asili yao ni Unguja tu, watoto wamenisisitiza niwapige picha. Changuu kwenye wale kobe wakubwa wenye asili ya Seychelles nimekuachia wewe uamue, wasiwasi wangu ni kupanda na kushuka boti ndogo majini.

Kitu kingine kilichonikera, nilipiga simu hoteli moja ya huko kwenu kuulizia tu, nikaongea Kiswahili vizuri, yule kijana akanijibu kwa dola, kwa kichwa kwa usiku. Nikamwambia mwanangu natokea Dodoma. Akarudia kwa dola. Nikakata. Imeniuma, manake hizi fukwe tunaziimba kwenye matangazo kila siku kwamba ni zetu, njoo utalii wa ndani, alafu mtu wa ndani akija hana bei yake. Mama wa Mvumi naye ni mtalii. Kachangiwa na wanawe saba kwa jasho na ana haki ya kupokelewa kwa neno "karibu" na kiti.

Kwa hiyo ninachoomba. Nitafutie nyumba, sio hoteli, nyumba ya mwenyeji pale Jambiani, ya chini isiwe na ngazi, choo cha kukaa kwa ajili ya goti, tupike wenyewe au mama wa pale atupikie na sisi tulipe. Karibu na maji lakini ndani ya kijiji, asikie adhana na kuku. Kanga zake atavaa, hilo la heshima kwa wenyeji usiwe na shaka.

Sasa nijibu haya yote usiniruke. Baba Rehema anaweza kunipigia hesabu ya bamvua za Oktoba, ni tarehe ngapi mpaka ngapi? Akina mama wa mwani hawakasiriki mgeni akienda shambani kwao, na je tubebe nini, sukari inafaa au hela ni adabu zaidi? Kuna yeyote unayemfahamu kati yao wa kumwambia mapema anakuja mkulima mwenzao? Na wale wadudu wa baharini wenye miiba, yeboyebo zinatosha au nimtafutie raba ngumu? Boti ya asubuhi na ya mchana ipi haichezi sana? Zahanati iko karibu? Alafu mama mwenyewe ana swali lake, kaniambia nikuulize wewe sio mtu mwingine, chumvi ya baharini imezidi ya kisima chetu cha Mvumi au zinalingana?

Nijibu kabla ya Jumapili, ndo siku tunakutana wote kwa kaka na nataka nifike pale na tarehe na bei ya nyumba mkononi. Karanga na zabibu kavu za kina Rehema ninazifunga, niambie tu kama ndoo moja inatosha.

Ni mimi,
Mama Daudi