Siri ya chumbani imefika kwa wifi

Shikamoo Shangazi,

Saa kumi alfajiri hii sijalala, mume wangu anakoroma sebuleni. Si jasho linaloninyima usingizi, ni neno la wifi. Jasho nimelizoea. Naamka khanga imelowa ya kukamua, feni naielekeza kwangu, mwenzangu anaigeuza ukutani kwa ajili ya kifua chake. Usiku mmoja nikamwambia basi kalale sebuleni. Ilikuwa hasira ya joto tu, naye akabeba mto akaenda kweli.

Kumbe na kwa dada yake akaenda. Eti nimebadilika, nafoka ovyo, nina jini. Wifi akaniletea kombe, yale maji ya dua, nikanywa nisije nikaitwa mkaidi. Halafu kwenye arobaini ya jirani, tunachambua mchele, mbele ya wanawake wote: "Wifi, kama umechoka sema, kaka tumtafutie msaidizi." Msaidizi! Mimi niliyemzalia, nikamuuguza!

Sijachoka. Nina miaka 49, mwezini naingia kwa kuruka. Muuguzi wa kliniki kanieleza: homoni ya estrojeni inashuka, ndiyo inayoleta huu moto unaopanda kifuani hadi usoni, usingizi kukatika, na kule chini kukauka. Hata mimba bado naweza kushika, mpaka nitimize miezi 12 mfululizo bila damu. Sasa aliyechoka nani? Alitaja jeli ya kulainisha na dawa za homoni, lakini mimi nina presha, nikaogopa kuuliza zaidi. Wala sikumwambia kwamba tendo lenyewe linaniumiza mpaka nang'ata shuka. Mume naye hajui, anadhani namkimbia. Hayo maumivu yana dawa, Shangazi, au ndiyo basi tena?

Simtaki arudi chumbani, hilo lieleweke. Feni sasa yangu peke yangu. Ila jana nilimsikia anacheka na simu, nikatoka kama naenda kunywa maji, akanyamaza ghafla. Alikuwa dada yake, au msaidizi keshapatikana?

Mambo ya ndani angeniambia mimi kwanza, si dada mtu. Ijumaa wifi anakuja kushinda hapa. Nimpikie ninyamaze, au niyaseme haya ya homoni mbele ya kaka yake? Maana wifi mwenyewe ni mkubwa kwangu. Yeye hayakumkuta?

Msomaji wako, Tanga